Kupamba Nyumba Mpya kwa Vitu Vilivyokwisha Kutumika

Anayehamia nyumba mpya akiwa na fedha kidogo hukabiliwa na kishawishi kimoja kikubwa, nacho ni kuijaza haraka. Sauti inagonga kuta tupu na kurudi, nguo zingali kwenye maboksi, na kila kiti cha bei nafuu kinachopita mbele ya macho kinaonekana kuwa kinafaa. Nimekwisha kupamba nyumba tatu kwa vitu vya mtumba, na nimeona kwamba hasara kubwa haitokani na kununua kitu ghali, bali na kununua kitu rahisi ambacho baada ya miezi miwili kitalazimika kuondoka. Kwa sababu hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja: kitu kichaguliwe kwa mifupa yake, yaani umbo, ubao na viungo, kwa kuwa ngozi yake, yaani rangi, kitambaa na vishikio, unaweza kuibadilisha mwenyewe kwa gharama ndogo.

Hatua ya 1: Pima nyumba kabla ya kwenda kutazama vitu

Chukua futikamba, daftari na penseli, kisha chora ramani ya kila chumba kwa kipimo rahisi, kwa mfano sentimita 2 za karatasi kwa kila mita 1 ya sakafu. Andika upana wa kila ukuta, kimo cha kila dirisha kutoka sakafuni, mahali zilipo soketi za umeme, na upande ambao kila mlango hufungukia. Baada ya hapo pima njia ambayo fenicha itapita: lango, ngazi, kona za korido na uwazi wenyewe wa mlango. Niliwahi kununua kabati zuri la nguo, la mbao nzito, likafika hadi kwenye kona ya ngazi na kukwama hapo. Kwa kuwa lilikuwa limegongwa misumari na kutiwa gundi badala ya kufungwa kwa skrubu, halikuweza kufunguliwa vipande, ikabidi lirudishwe nje na kutafutiwa mnunuzi mwingine siku hiyohiyo. Upana wa kona ile ningeupima kwa dakika moja tu.

Vipimo vichache vya kawaida vitakusaidia kufanya uamuzi ukiwa mbali na nyumbani. Njia ya kupita watu inahitaji upana wa sentimita 75 hadi 90. Kati ya kochi na meza ndogo iliyo mbele yake, sentimita 40 hadi 45 zinatosha mtu kupita na bado akaifikia meza bila kuinuka. Meza ya kulia huwa na kimo cha sentimita 75 hivi, na sehemu ya kukalia ya kiti chake sentimita 45, kwa hiyo unapokusanya viti visivyofanana kutoka sehemu mbalimbali, cha kuangalia ni kwamba kati ya kiti na uso wa meza inabaki nafasi ya karibu sentimita 30. Viti vinaweza kutofautiana migongo na rangi bila kumsumbua mtu, lakini vikitofautiana vimo, kila anayekaa ataona.

Kabla ya kununua kitu kikubwa, unganisha magazeti ya zamani kwa gundi ya karatasi, uyakate kwa ukubwa wa kitu hicho, uyatandaze sakafuni na kuyaacha siku mbili au tatu. Ukijikuta unayakanyaga kila unapopita, kochi la ukubwa huo halina nafasi hapo.

Hatua ya 2: Andika orodha, na uchague rangi tatu

Ukiweza, ishi katika nyumba majuma matatu au manne ukiwa na vitu vya lazima tu. Katika muda huo utajua mwanga wa asubuhi unaingia wapi, chumba kipi kina joto mchana, na mahali gani watu huweka mifuko na viatu wanapoingia. Orodha ianze na kulala, ifuatiwe na kukaa na kula, halafu kuhifadhi vitu. Mapambo ya ukutani yaje mwisho, hata kama ndiyo yanayovutia macho zaidi. Kando ya kila kitu andika vipimo vya juu na vya chini vinavyokubalika pamoja na bei ambayo hutaivuka.

Suala la rangi lina uzito zaidi kwa anayenunua vitu vilivyotumika kuliko kwa anayenunua seti nzima dukani, kwa sababu vitu vyako vitatoka katika nyumba na enzi tofauti, na rangi ndiyo itakayovifanya vionekane ndugu. Wapambaji wengi hufuata mgawanyo wa asilimia 60 kwa rangi kuu ya chumba, ambayo kwa kawaida ni ya kuta na zulia, asilimia 30 kwa rangi ya pili, ambayo huwa ya fenicha na mapazia, na asilimia 10 kwa rangi ya kukoleza, kama vile mito, taa na vyungu vya maua. Usiuchukulie mgawanyo huo kama sheria. Faida yake ni kukupa sababu ya kukiacha kitu kizuri ambacho hakihusiani na chumba chako.

Hatua ya 3: Tenga vitu ambavyo ni bora vinunuliwe vipya

Godoro na mito ya kulalia viwe vipya. Humeza jasho, vumbi na wadudu kwa miaka, na haviwezi kuoshwa hadi ndani. Kitanda cha mtoto mchanga nacho kinahitaji uangalifu wa pekee. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipenye, na kitanda ambacho upande wake mmoja hushuka na kupanda kisinunuliwe kabisa. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vitanda vya aina hiyo mwaka 2011 baada ya watoto kufa kwa kubanwa katika upande huo.

Rangi ya zamani iliyopakwa kwenye mbao ni jambo jingine la kuogopwa. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Marekani iliziondoa katika matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zilifanya hivyo kwa nyakati tofauti. Kitu cha kale chenye rangi inayobanduka kama magamba kisipigwe msasa mkavu, maana vumbi lake ndilo lenye madhara. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo au mama mjamzito, kiache na utafute kingine.

Hatua ya 4: Kagua mifupa

Hatua hii ndiyo inayookoa fedha kuliko nyingine zote, nayo haipaswi kufanywa kwa haraka hata kama muuzaji anaonyesha dalili za kuchoka. Nenda mchana, ukiwa na tochi ndogo, futikamba na sumaku.

Anza chini. Pindua kiti, inamia meza, vuta droo hadi itoke, uangalie sehemu ambazo mtengenezaji hakutarajia zionekane. Katika ubao halisi, nyuzi za mbao zinazoonekana juu huendelea hadi ukingoni, na kwenye ncha iliyokatwa huonekana duara za ukuaji wa mti. Ubao wa chenga zilizogandamizwa kwa gundi hujulikana kwa kingo zake zenye punje, na ukishaingia maji huvimba miguuni na haurudi tena katika umbo lake. Skrubu iliyolegea ndani yake ni vigumu kuikaza ikashika kama mwanzo. Kati ya hizo mbili kuna fenicha iliyobandikwa juu yake ganda jembamba la mbao nzuri. Usiidharau, kwa kuwa mafundi hodari wa zamani waliifanya hivyo kwa makusudi, ila kumbuka kwamba ganda hilo mara nyingi halifikii unene wa milimita 1, na msasa ukizidi utalitoboa.

Tazama viungo. Droo ambayo pembe zake zimechongwa meno yakashikana kama vidole vilivyofumbatana imetengenezwa ili idumu. Iliyopigwa pini na gundi peke yake itaachana siku ukiijaza nguo. Weka kiti kwenye sakafu tambarare, kikalie, ujisukume taratibu mbele, nyuma na pembeni. Mlio mdogo unaotokana na gundi iliyokauka si kasoro ya kukuogopesha, maana utaurekebisha nyumbani. Mguu uliopasuka kwa kufuata nyuzi za mbao, hasa mahali unapoingia kwenye fremu, ni kasoro ya kukufanya uondoke.

Tafuta wadudu. Matundu madogo ya mviringo, ya milimita 1 hadi 2, ni njia walimotokea dumuzi wa mbao. Kama yana giza na ni makavu, huenda wadudu walikwisha kuondoka zamani. Kama chini yake kuna unga laini wa rangi ya ubao mpya, wangali wanakula, na hutaki kuwapeleka karibu na milango na dari ya nyumba yako. Kwenye kitanda na kochi, mulika tochi katika mishono, chini ya kitambaa cha chini, na ndani ya matundu ya skrubu. Madoa meusi kama ya kalamu ya wino, magamba membamba ya kahawia na mayai meupe ni alama za kunguni. Kunguni anaweza kuishi miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo maneno kwamba kochi limekaa stoo muda mrefu hayathibitishi kwamba liko salama. Hapo kanuni yangu ni kuondoka bila kuuliza bei.

Nusa pia. Harufu ya vumbi huisha, ya ukungu huisha kwa jasho, na ya moshi wa sigara iliyoingia kwenye sponji mara nyingi haiishi mpaka sponji lenyewe litolewe. Sumaku nayo ina kazi yake: ikinata kwenye kishikio kinachong'aa kama shaba, ujue kwamba ndani ni chuma kilichopakwa, na bei ishuke ipasavyo.

Hatua ya 5: Patana bei, ukihesabu na usafiri

Mapatano mazuri huanza kwa salamu na kwa kweli. Mwonyeshe muuzaji kasoro ulizoziona bila kukidharau kitu chake, mweleze utakachotumia kukitengeneza, kisha taja bei yako. Jumlisha gharama ya usafiri, gundi, rangi na kitambaa kabla ya kukubali. Jumla hiyo ikikaribia bei ya kitu kipya cha ubora uleule, kiache.

Hatua ya 6: Safisha kabla ya kuingiza ndani

Vitambaa vinavyoweza kufuliwa, kama mapazia, mashuka na foronya za mito, vifuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60 ikiwa kitambaa chenyewe kinastahimili, kwa sababu joto hilo huua kunguni na mayai yao. Zulia litundikwe nje na kupigwa kwa upande wa nyuma ili vumbi litoke kule lilikoingilia. Mbao zifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo na kukamuliwa vizuri, kisha zikaushwe papo hapo. Ubao uliolowa na kuachwa hupinda. Droo zenye harufu ya ukungu zitolewe zipate upepo, zifutwe kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na baada ya kukauka ziwekewe bakuli la vipande vya mkaa kwa siku kadhaa. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kupaushia nguo, wala visitumike kimoja baada ya kingine mahali pamoja, kwa kuwa vikikutana hutoa gesi ya sumu.

Usishangae ukigundua kwamba baadhi ya vitu havikuhitaji kingine zaidi ya usafi. Meza niliyokusudia kuipaka rangi nyeupe ilipotoka chini ya tabaka la uchafu wa jikoni ilikuwa na ubao mwekundu wa kupendeza, nami nikaifuta nta tu na kuiacha ilivyo.

Hatua ya 7: Tengeneza viungo na droo

Kiti kinachoyumba hakitibiwi kwa kumiminia gundi mpya juu ya ile ya zamani, kwa sababu gundi ya mbao inahitaji kuingia kwenye nyuzi za ubao. Kifungue kiungo taratibu kwa nyundo ya mpira, au nyundo ya kawaida iliyofungwa kitambaa. Kwangua gundi yote ya zamani kutoka kwenye ulimi na kwenye tundu lake, paka gundi mpya pande zote mbili, rudisha mahali pake, kisha zungushia kamba na kuikaza kwa kijiti kinachosokotwa. Futa gundi iliyotoka nje ingali mbichi, na ukiache kiti saa 24 bila kukikalia. Hakikisha miguu yote minne imegusa sakafu kabla gundi haijakauka, maana baada ya hapo hakuna marekebisho rahisi.

Droo inayokwama isugue mshumaa au kipande kikavu cha sabuni kwenye reli zake. Tundu la skrubu lililopanuka lijaze njiti za mbao zilizopakwa gundi, ukate zinazochomoza, subiri zikauke, ndipo uirudishe skrubu. Duara jeupe lililoachwa na kikombe cha moto mara nyingi ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi. Weka kitambaa kikavu juu yake na upitishe pasi ya joto la chini kwa sekunde chache, ukifunua kila mara kutazama.

Hatua ya 8: Badilisha ngozi kwa rangi

Watu wengi hufanya kosa la kupaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta bila kuandaa uso, na baada ya muda mfupi rangi mpya inatoka kwa ukucha. Ili ujue rangi iliyopo ni ya aina gani, lowesha pamba kwa spiriti na uisugue mahali palipojificha: rangi ya maji italainika na kushika pamba, ya mafuta haitatoka. Ikiwa ni ya mafuta, piga msasa na upake praima, yaani rangi ya chini ya kushikisha, kabla ya rangi ya maji.

Ondoa vishikio na bawaba, uvitie kwenye mfuko na kuandika vimetoka wapi. Kwa uso ulioharibika anza na msasa mkali wa namba 80, endelea na 120, umalizie na ule laini wa 220. Kwa uso mzuri anza na 120 moja kwa moja. Sukuma msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, si kuzikata. Futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Paka rangi tabaka mbili au tatu nyembamba, ukiacha kila moja ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kwa kuwa tabaka moja nene hutiririka na kubaki laini ndani. Rangi huonekana kavu mapema kuliko inavyokomaa, kwa hiyo usiweke vyombo vizito juu ya meza kwa majuma mawili au matatu ya mwanzo.

Ukiamua kuuonyesha ubao kwa kuupaka mafuta ya kitani, chunga vitambaa ulivyotumia. Mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na vitambaa vilivyokunjwa na kurundikwa vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje hadi vikauke kabisa, au vilowekwe ndani ya chombo cha bati chenye maji na mfuniko.

Hatua ya 9: Valisha viti kitambaa kipya

Kiti cha kulia chenye kikalio cha kufungua ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwa kuwa hakidai kushona. Fungua skrubu nne zilizo chini, toa kikalio, ng'oa pini za zamani kwa bisibisi bapa, na utazame sponji. Kama limebonyea au linamomonyoka, badilisha kwa jipya la unene wa sentimita 4 hadi 5. Kata kitambaa kinachozidi kikalio kwa sentimita 10 hivi kila upande. Laza kitambaa kifudifudi, weka sponji na ubao juu yake, kisha piga pini moja katikati ya kila upande, ukianza na pande zinazoelekeana, ili uvutano uwe sawa. Endelea kutoka katikati kwenda pembeni, na pembe zikunjwe mwisho. Chagua kitambaa kizito cha pamba au kitani. Chenye michirizi kinapendeza, lakini kosa dogo la kukilaza litaonekana kutoka mlangoni.

Makochi makubwa yenye springi ni kazi ya fundi. Kwa anayeanza, shuka nene lililotandikwa na kuchomekwa vizuri litasitiri kochi kwa muda wote ambao unaweka akiba.

Hatua ya 10: Panga, angaza na tundika

Taa za zamani zina maumbo ambayo ni nadra kuyapata katika za sasa, ila waya wake ukiwa umekakamaa, umepasuka au umefungwa utepe, fundi umeme auondoe na kuweka mpya kabla taa haijachomekwa ukutani. Sebuleni na chumbani tumia balbu yenye mwanga wa joto, yaani wa kimanjano, ambayo kwenye boksi huandikwa 2700 K. Balbu ya LED ya wati 9 hivi hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya kizamani ya wati 60. Taa mbili au tatu ndogo zilizowekwa pembe tofauti hukipa chumba utulivu ambao taa moja ya darini haiwezi kukipa.

Kioo kikubwa cha mtumba kina thamani kubwa katika chumba kidogo kikiwekwa kuelekea dirisha au kwenye ukuta wa pembeni yake. Mapazia yatundikwe juu zaidi ya fremu ya dirisha na fimbo ipite pande zote mbili, na upana wa kitambaa uwe mara moja na nusu hadi mbili ya upana wa dirisha. Picha za fremu tofauti zipange kwanza sakafuni, kisha zitundike ili kitovu cha kundi zima kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka chini.

Kabati refu na rafu ya vitabu vifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe, hata kama vinaonekana vimetulia, kwa sababu mtoto akivuta droo tatu kwa pamoja na kuzipanda kama ngazi, kabati humwangukia.

Ukuta utakaobaki mtupu usiulazimishie kitu. Andika upana na kimo chake katika daftari, kando yake andika rangi za chumba hicho, na ulibebe daftari hilo pamoja na futikamba kila unapotoka.